Kokwa la Arubaini

Mimi miaka siijui kwa nambari, naijua kwa sufuria. Mwaka wa yale maradhi yaliyofunga dunia, ndege hazikutua Manda, hoteli zikafunga milango, na wavuvi wakakosa wa kumuuzia kambamti. Basi tukawala sisi. Kambamti wa kuchemsha, kambamti wa nazi, kambamti wa kukaanga na bajia za jana. Ilifika mahali watoto wakimwona kambamti sahanini wananuna, wanauliza kama maharagwe yamekwisha. Mwaka uliofuata wageni wakaanza kurudi, kambamti nao wakarudi hotelini wanakoheshimiwa, na sisi tukarudi kwenye muhogo na ng'onda, yule samaki mkavu wa chumvi ambaye hata umwoshe mara tatu bado anakukumbusha bahari. Kipindi kilikuja Amu, yaani Lamu yetu, mwaka huo wa kurudi kwenye muhogo.

Kipindi chenyewe ni kile cha televisheni cha wanawake matajiri wa Nairobi wenye mimba. Hawaigizi. Kazi yao ni kuwa na mimba mbele ya kamera, na watu wa nchi nzima wanatazama. Kila Ijumaa baada ya Isha mjukuu wangu alikuwa hasemeshwi. Huyu ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi, amesoma mpaka kidato cha nne, na sasa anapika katika nyumba za wageni kule Shela. Yeye hukaa mbele ya televisheni, mimi nyuma yake na ungo, nachambua mchele, kwa sababu mimi si mtu wa kutazama upuuzi. Nilikuwa nasikiliza tu. Kuna Ijumaa nilichambua mchele ambao nilikuwa nimekwisha kuuchambua asubuhi.

Niliyoyaona nayaandika. Mwanamke mmoja alilia kwa sababu kitanda cha mtoto kililetwa cheupe cha chaki na yeye alitaka cheupe cha maziwa. Mwingine alikata keki mbele ya watu wote wa ukoo ili ndani yake waone rangi, na kwa rangi hiyo wajue ni mwana wa kike au wa kiume. Mume akalia, mama mkwe akalia, keki yenyewe hakuna aliyeila.

Mimi ni mkandaji. Nawakanda wazazi, yaani wanawake waliojifungua, nawafunga mkaja tumboni, nawahesabia arubaini yao. Nimeifanya kazi hii tangu taa yetu ilipokuwa kandili. Wanawake nimewaona wakilia kwa mambo mengi, mengine siyaandiki. Kwa weupe wa kitanda sijamwona hata mmoja.

"Bibi, wewe huwapendi kwa kuwa wana mali," mjukuu wangu akaniambia.

"Mali siichukii. Hata mimi ukiniletea napokea. Ninachokichukia ni tumbo kutembezwa. Kwetu mimba hufunikwa mpaka jirani aione mwenyewe, na akishaiona anajitia hajaiona."

"Sasa atapongeza lini?"

"Mtoto akilia."

"Sasa si ndiyo maana watu wa Amu mnaitwa wanafiki."

"Wanaotuita hivyo walikandwa na nani?"

Akaongeza sauti ya televisheni, kwa kuwa wimbo wa kipindi ulikuwa umeanza.

Msimu wa kwanza palikuwa na mwanamke mwembamba mwenye mwanya. Huyo hakulia kwa kitanda. Alikuwa mcheshi, akicheka mwanya wote unaonekana, na mjukuu wangu alimpenda kama dada yake. Walimfanyia sherehe kubwa. Ukutani katika chumba cha mtoto walipigilia jina la mtoto kwa herufi za mbao, kubwa kubwa, mtoto mwenyewe bado yumo tumboni. Pale niliweka ungo chini nikasema, "Lile lingesubiri." Mjukuu wangu akasema mimi ni mshirikina.

Ijumaa iliyofuata yule mwanamke alikuwa ameketi chumba kile kile, chini ya herufi zile zile, na mtoto hakuwako. Alikuwa amezaliwa maiti. Kamera ikasimama pale pale ikimtazama. Akauinua mkono akauweka mbele ya uso wake, na kamera ikazunguka taratibu kuutafuta uso nyuma ya mkono. Wakatia kinanda.

Mjukuu wangu alilia mpaka kwikwi. Mimi nilisema, "Mtu amefiwa, na chumbani mna watu wamesimama na hakuna hata mmoja anayesema pole." Kisha nikasema kipindi kile kisiwashwe tena nyumbani kwangu. Ijumaa iliyofuata kiliwashwa, na mimi nilikuwa pale na ungo.

Msimu wa pili ndipo walipokuja Shela. Waliwaleta wanawake watatu wapumzike ufukweni kabla ya kujifungua, na huko kupumzika kupigwe picha. Walipanga nyumba ya ghorofa tatu na mjukuu wangu akaajiriwa kupika. Siku ya pili tu alikuwa amekwisha kujigamba kwamba bibi yake ndiye mkandaji wa mji, na siku ya tatu wakanitaka.

"Wamesema na mimi nitaonekana," akaniambia. "Nitashika bakuli la mafuta."

"Bakuli halishikwi, linawekwa chini."

"Bibi, kwa ajili yangu."

Nikaenda. Sikwenda kwa ajili yake peke yake. Nilifua buibui langu zuri, nikatia udi, na nilipopita mtaani nikiulizwa naenda wapi nilisema naitwa na watu wa televisheni, tena nilisema hata kwa wasiouliza.

Wanawake walikuwa juu darini chini ya turubai jeupe. Wa kwanza na wa pili sikuwatazama sana. Wa tatu alinyanyua uso akanisalimu, "Shikamoo Bibi," na nikauona mwanya. Mimba yake ilikuwa kubwa, imeshuka. Nikamtazama mjukuu wangu. Alikuwa amelishika bakuli la mafuta ya simsim kwa mikono miwili na macho ameyainamisha humo humo.

Mkubwa wao, yule anayeamuru nani asimame wapi, alikuwa msichana wa kofia ya jua na chingamu mdomoni. Hakuwa mbaya. Aliniita shosho, ndivyo wanavyomwita bibi huko kwao, na aliniletea kiti kabla ya kuniambia nisikikalie. Alitaka nikae mkekani. Mkeka nilikuja nao mwenyewe, wa Kipungani, umelainika kwa miaka. Akasema ni mzee mno, watu hawatauona. Wakatandika mpya uliokuwa bado unachoma.

"Shosho, anza na baraka."

"Baraka gani?"

"Ile ya kale. Ya wakunga wa zamani."

Nikashika miguu ya mwanamke wa kwanza nikasoma Fatiha kimoyomoyo, nikasema, "Mungu akujaalie wepesi."

"Poa sana. Iko nyingine, ndefu?"

"Mungu akujaalie wepesi mkubwa."

Akatafuna kidogo. Akasema tutaunganisha na ngoma.

Nikawakanda miguu. Tumbo silishiki mbele ya watu, na nilimwambia hivyo, akakubali. Kisha akaketi nyuma ya kamera akasema, "Shosho, tuambie sasa kuhusu arubaini."

Nikawaambia. Mzazi hukaa ndani siku arubaini. Hufungwa mkaja, huoga maji ya moto, hukandwa, hula. Mtoto havuki kizingiti. Mwanamume asiye wa nyumba ile haingii, na mwanamke huingia akiruhusiwa. Anayetaka kumwona mtoto na asubiri, mtoto hakimbii.

"Na mtu akilazimisha kuingia?"

"Mlango naufunga mimi."

Akapiga makofi. "Shosho, hiyo ni moto. Rudia hapo kwa mlango."

Nikarudia. Walichukua maneno ya mlango mara nne, mara mbili kwa mbali, mara moja karibu, na mara moja mkono wangu tu.

Walipokuwa wanabadilisha betri, yule wa mwanya aliniinamia. Nilikuwa bado nimeshika kisigino chake.

"Bibi, hiyo arubaini ni ya kweli, ama ni ya kamera?"

"Ni ya kweli."

"Hata kwa mtu asiye Mwislamu?"

"Arubaini ni ya mifupa. Mifupa yako inatofautiana na yangu?"

Akaniambia upesi upesi, macho kwenye kamera ile isiyo na betri. Alipotia sahihi mkataba alikuwa na mimba ya yule wa kwanza, ana furaha, akatia sahihi misimu miwili. Mumewe naye alitia sahihi. Msimu huu ukiisha yuko huru, lakini mkataba unasema kabla haujaisha watu waonyeshwe mtoto. Waliona kilio chake, sasa wanataka kuona kicheko.

"Sitaki wamwone, Bibi. Huyu nataka awe wangu kwanza."

"Waambie."

"Nimewaambia. Wamenionyesha sahihi yangu."

Betri ikaingia. Tukaendelea na kisigino.

Uchungu ulimshika Jumanne alasiri, kabla ya siku zake. Wakamleta Amu kwa boti, na hospitalini akajifungua mtoto wa kike, mzima, baada ya Maghribi na kabla ya Isha. Saa hiyo ishikeni, ina kazi mbele. Watu wa kamera walikaa nje ya lango kwa sababu muuguzi wa zamu hakuwa mtazamaji wa televisheni. Alhamisi aliporuhusiwa kutoka, boti ya kumrudisha Shela ilikuwa inangoja, na yeye akasema, "Nipelekeni kwa Bibi."

Yule msichana wa kofia alifurahi kuliko mtu yeyote. Alidhani ni zawadi ya kipindi. Kamera ilitembea mbele yetu ikirudi kinyumenyume katika ndia zetu nyembamba, punda nyuma na mabegi, na mimi nimemshika mzazi mkono, nikimziba mtoto kwa leso. Tulipofika mlangoni nikamwingiza mzazi, nikamwingiza mtoto, nikaingia, nikageuka. Yeye alikuwa amekwisha kutia mguu mmoja.

"Binti, nilikuambia mbele ya kamera mlango anaufunga nani."

"Ndio, lakini Shosho, ile ilikuwa ni..."

"Arubaini haijatimia. Mtoto hatoki, kamera haingii."

Akacheka. Akamgeukia bwana wa kamera akamwuliza kama ameyapata hayo. Bwana wa kamera akasema ameyapata. Kisha akauondoa mguu, na nikafunga, na nikamsikia kule nje bado anacheka, kidogo kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka kichekesho kilikuwa wapi.

Nilidhani atagomba. Hakugomba, alikuwa na akili. Kesho yake alikaa katika daka langu, kile kibaraza cha ndani ya mlango wa nje, tukanywa chai kwa mahamri, akaniambia ameona mwanga. Watawarudisha wale wawili Nairobi, wajifungue huko, na siku ya arubaini atarudi hapa. Mtoto anatolewa nje mara ya kwanza, anaonyeshwa jua, ubani unafuka, bibi amembeba. Huo ndio utakuwa mwisho wa msimu. Mjukuu wangu atashika chetezo.

"Shosho, wewe mwenyewe umesema ni siku arubaini tu."

Nilisema hivyo. Ndivyo ilivyo.

Basi tukakaa. Chumba cha ndani kabisa, kile cha nyuma ambacho katika nyumba zetu ndimo watu huzaliwa na ndimo maiti huoshewa, nilimtandikia humo. Alikuwa mwanamke wa nyumba yenye vyoo sita, aliwahi kuonyesha vyote kwenye televisheni, na kwangu mna kimoja. Siku ya kwanza ya maji ya moto alipiga kelele mpaka jirani wa dirisha la mbele akauliza kama nachinja. Mkaja nilipoufunga alisema hapumui. Nikamwambia mtu asiyepumua hasemi. Alikunywa uji wa pilipili manga akitoa machozi, alikula supu ya pweza, na nilipomwambia ng'onda si chakula cha mzazi aliiba kipande jikoni, mjukuu wangu akamfichia. Siku ile nilijua atapona.

Jina la mtoto hakutaka kulisema. Siku ya saba tulinyoa nywele, tukafanya yetu, naye akaninong'oneza jina sikioni, mimi tu, na akatazama ukutani kama anayehakikisha hakuna kitu. Ukuta wangu una saa na kalenda ya mchuuzi wa mafuta ya taa. Jina lile siliandiki hapa.

Hesabu yangu huwa hivi. Nina kopo la biskuti na tende. Kila alfajiri nikishaswali nakula tende moja na kokwa natia koponi. Wanawake wa mtaa wetu hawajihesabii wenyewe, wanamtuma mtu aje aulize: "Ni ya ngapi leo?" Na mimi nasema. Sijakosea. Palikuwa na mmoja wa mtaa wa pili aliyedai nimemzidishia siku mbili, nikamwaga makokwa yake sakafuni mbele ya shangazi zake wanne, akahesabu mwenyewe, na tangu hapo ananisalimu kwanza. Haya ndiyo niliyo nayo. Shule nilisoma chuo cha Kurani na madarasa mawili matatu, nyumba ni ya urithi, uzuri umekwenda. Hesabu ndiyo yangu.

Mume wa yule wa mwanya alipiga simu siku ya ishirini na kitu. Alikuwa safarini, kazi yake ni kuwa safarini. Mzazi akaiweka simu kwenye spika.

"Mama, asante kwa kumtunza," akaniambia. "Ila hii ya kamera, tafadhali, ni dakika tano. Watu wanampenda mke wangu."

"Wewe umemwona mwanao?"

"Bado, nitakuja wiki..."

"Baba mtu anaruhusiwa. Mlango uko wazi kwako tangu siku ya kwanza. Mbona unawaombea ruhusa wengine?"

Simu ikasema mtandao ni mbaya. Mwanamke alimlaza mtoto begani akampigapiga mgongo, na mtoto akacheua juu ya leso yangu mpya.

Jumamosi walirudi. Nilizisikia kwato za punda kabla ya hodi. Punda alibeba masanduku mawili, na mtu nyuma yake alibeba keki imeandikwa arubaini kwa sukari. Bwana wa kamera alikuja, na mwingine mwenye kile kidege cha kurusha juu, na msichana wa kofia, amevaa dera na mtandio kwa heshima ya shughuli. Mtaa mzima ulikuwa madirishani. Watu walijua kwamba leo ni kipindi.

"Hodi, Shosho. Siku imefika."

"Haijafika."

Akatoa simu yake akanionyesha. Alihesabu tangu Jumanne. Jumanne moja, Jumatano mbili, mpaka leo arubaini.

"Mtoto hakuzaliwa Jumanne," nikamwambia. "Alizaliwa baada ya Maghribi. Jua likizama siku imekwisha. Ule ulikuwa usiku wa Jumatano."

"Lakini hospitali imeandika Jumanne."

"Hospitali haikandi."

Akaangalia juu, akamwona jirani wa dirisha la mbele. "Mama, ni kweli?"

"Bado moja," jirani akasema. "Hata mimi nimeoka vileja vya kesho. Hii keki yenu italala wapi, na jua hili?"

Msichana akanirudia. Mara hii hakucheka. Ndege yao ya kuondoka Manda ilikuwa kesho saa nane mchana, na kipindi cha mwisho lazima kimalizike. Kesho saa nane ikipita, msimu umefungwa.

"Arubaini haijatimia," nikamwambia. "Mtoto hatoki, kamera haingii."

"Sawa, Shosho. Kesho asubuhi." Akavua mtandio akajipepea. "Nitakuja mapema. Tafadhali. Mimi pia nina mkubwa wangu."

Nilimpa maji. Ilikuwa kweli haijatimia, na nililala vizuri.

Jumapili alfajiri nikaswali, nikala tende, nikatia kokwa koponi. La arubaini. Likalia kwenye bati, na mjukuu wangu akalisikia kutoka jikoni, kwa sababu alikuwa analisubiri. Alikuwa amevaa nguo yake ya Idi. Chetezo kiko tayari, makaa yameshika, ubani kwenye kijaluba. Siku arubaini alikuwa amefua nepi, amechota maji, amewasha jiko, na televisheni ilimwahidi dakika moja. Sikuwa na la kumlaumu.

Nikaingia chumba cha ndani. Mtoto nilikwisha kumwogesha, amepakwa wanja kwenye nyusi, amefungwa katika leso ya kisutu. Mama yake alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amejipaka poda. Siku arubaini hakuigusa ile poda. Alikuwa anajitazama kwenye simu, akijaribu kucheka, na mwanya unaonekana, na kicheko hakifiki kokote.

"Si lazima uvae hivyo," nikamwambia.

"Nimetia sahihi, Bibi. Wacha tu. Ni dakika tano, halafu basi."

"Haya."

"Nitasimama hapa, mlangoni? Ama kule kwenye jua?"

"Watakuambia wao."

Akamnyanyua mtoto. Akamgeuza upande huu, akamgeuza upande ule. Kisha akauinua mkono wake wa kulia akauweka mbele ya uso wa mtoto, vidole vimekaribiana, akapima. Akausogeza kidogo kushoto, kama anafuata kitu kinachozunguka. Akapima tena. Mtoto alikuwa amelala, hajui anafundishwa nini.

Mkono ule nilikuwa naujua. Nilikuwa na ungo mapajani siku nilipouona.

Nikatoka hapo. Kwato za punda zilikuwa zimefika pembeni mwa msikiti. Mjukuu wangu alinifuata na chetezo mpaka kwenye kopo.

"Bibi, zimetimia. Niwaambie waingie dakani?"

Nikatia mkono koponi nikatoa kokwa moja, nikalitia mdomoni, nikalisukuma shavuni.

"Hesabu," nikamwambia.

Alinitazama sana. Akalimwaga kopo sakafuni, akapiga magoti na nguo yake ya Idi, akahesabu mawili mawili kama nilivyomfundisha akiwa mdogo. Akafika mwisho. Akalishika la mwisho mkononi, na najua alikuwa anaiaga ile dakika moja yake.

"Thelathini na tisa," akasema.

Akachukua maji akayamimina kwenye makaa ya chetezo.

Hodi ikaja. Nikavuka daka nikafungua mlango nusu, nikasimama katika ile nusu. Walikuwako wote. Keki ilikuwa imelala jotoni, ile arubaini ya sukari imeteremka upande mmoja. Kamera ilikuwa imekwisha kuwaka taa yake nyekundu. Madirisha yote yalikuwa wazi, na jirani wa mbele alikuwa na sinia ya vileja mkononi. Wanawake niliowahesabia karibu wote walikuwa wanatazama, hata yule wa mtaa wa pili, alikuja maalumu.

"Shosho," msichana wa kofia akasema, taratibu, kama mtu anayemshusha mtoto kitandani. "Leo nimehesabu kwa Jumanne na nimehesabu kwa Jumatano. Kwa yote mawili, imetimia. Ama?"

Akainua macho dirishani.

"Mama, si jana ulisema bado moja? Leo ni ya ngapi?"

Jirani akanitazama. Tumekaa dirisha kwa dirisha tangu tukiwa maharusi, na watoto wake watano nimewahesabia mimi. Alijua. Yule wa mtaa wa pili naye alijua, na nilimwona anainua kidevu.

"Mimi sihesabu," jirani akasema, na sinia akaiweka chini. "Mwenye kuhesabu ndiye huyo."

Wote wakanigeukia, na kamera ikasogea ikazunguka kidogo, inatafuta nafasi kati ya bega langu na mlango. Nikasogea nayo. Kokwa lilikuwa shavuni, bado lina utamu.

"Arubaini haijatimia. Mtoto hatoki, kamera haingii."